Ufupi Wetu Una Historia

Ndugu msomaji, makala hii haikuanza kama makala. Ilianza kama riwaya. Nilikwisha nunua daftari kubwa la kurasa mia mbili, nikaandika juu kabisa "Sura ya Kwanza". Nia yangu ilikuwa kumwandika babu yangu mzaa mama, ambaye katika ujana wake alifanya kazi kwenye Mradi wa Karanga pale Nachingwea. Nilifika ukurasa wa kumi na tisa. Hapo dada yangu akaja na kadi ya kliniki ya binti yake, akaniuliza swali ambalo riwaya yangu haikuweza kulijibu.

Mpwa wangu huyo ana miaka mitatu na miezi miwili. Anaishi na wazazi wake upande wa Ruangwa. Siku hiyo alilazwa kwenye ubao wa kupimia, muuguzi akasoma kimo, akaandika, kisha akamwambia dada: "Mama, mtoto amedumaa." Dada aliporudi nyumbani na habari hiyo, mama mkwe wake akadakia palepale: "Hajadumaa huyu. Ni ukoo wao. Kwao si wote vibushuti?"

Kwetu Wamwera mtoto huhesabiwa upande wa mama, na mjomba ana neno. Basi dada akapanda gari akanifuata. "Wewe ndiye mjomba, na wewe ndiye msomi wa nyumba yetu," akaniambia. Eti msomi! Kidato cha nne tu, na matokeo yenyewe nayajua mwenyewe. "Sasa niambie mambo mawili. Ni ukoo? Na kama si ukoo, je, nimeshachelewa?"

Nilinyamaza. Lakini baadaye, nilipokuwa nikisoma habari za mradi ule ili nimalize riwaya, niliona kwamba maswali ya dada na maisha ya babu ni kitu kimoja. Ufupi wetu una historia. Naomba unisikilize.

SWALI LA KWANZA: NI UKOO?

Nianze na mimi mwenyewe. Shule ya msingi nilikuwa nasimama mbele mstarini, kwa sababu mstari ulipangwa kwa kimo. Wenzangu waliniita Karanga. Sikukasirika, maana nyumbani kwetu ndivyo tulivyofundishwa: sisi ni wafupi, mjomba mkubwa mfupi, mama mfupi, kaka mfupi, ndivyo Mungu alivyotuumba. Maneno hayo yanafariji sana. Yanamwondolea kila mtu lawama, na yanamwondolea kila mtu kazi.

Sikatai kwamba mtu hurithi kimo. Mtoto wa warefu kwa kawaida huwa mrefu. Lakini je, wilaya nzima inaweza kuwa na ukoo mmoja?

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo vipya vya ukuaji wa watoto. Kabla ya kuvitoa, wataalamu waliwapima watoto katika nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walichagua watoto walionyonyeshwa vizuri, ambao mama zao hawakuvuta sigara, na ambao umaskini haukuzuia ukuaji wao. Unajua walichokiona? Watoto wale wa mabara mbalimbali walikua karibu sawasawa mpaka miaka mitano. Mtoto wa Accra na mtoto wa Oslo, wakilishwa na kutunzwa, hukaribiana kimo. Kwa hiyo mtoto anapohesabiwa kuwa amedumaa, maana yake kimo chake kiko chini sana ya rika lake hata tukizingatia kwamba watu hutofautiana kwa kuzaliwa.

Sasa tuje nyumbani. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa katika Mkoa wa Lindi, wenye Nachingwea na Ruangwa ndani yake, zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Taifa zima lilikuwa na asilimia 42. Uchunguzi wa 2015/16 ulipokuja, Lindi ilikuwa imeshuka mpaka takriban theluthi moja, na taifa asilimia 34. Mwaka 2022 taifa lilifika asilimia 30.

Hebu fikiri, ndugu yangu. Ukoo haubadiliki kwa miaka mitano. Damu ya Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde wa mkoa ule haikubadilishwa na mtu kati ya 2010 na 2015. Kilichobadilika ni maisha.

Wala usiseme ni ukosefu wa chakula peke yake. Katika uchunguzi ule wa 2015/16, Rukwa, mkoa wa mahindi tele, ulikuwa na asilimia 56. Ghala linaweza kujaa na mtoto akadumaa kwa uji mtupu asubuhi, ugali mtupu mchana, homa ya malaria wiki hii, kuhara wiki ijayo, na mama aliyekuwa na upungufu wa damu tangu ujauzito. Mwili wa mtoto mchanga una akili yake: ukikosa, unahifadhi uhai kwanza, na mifupa inaambiwa isubiri.

BABU NA MWAKA 1946

Mwaka 1946 Waingereza walikuwa wametoka vitani. Walishinda, lakini mafuta ya kula yalikuwa kwa mgawo. Serikali yao ilihitaji majarini, ile siagi ya mimea. Bwana Frank Samuel wa United Africa Company, kampuni ya ukoo wa Unilever, alipendekeza karanga zilimwe kwa mashine Afrika Mashariki. John Wakefield, aliyepata kuwa mkuu wa kilimo Tanganyika, akatumwa kuongoza ujumbe wa ukaguzi. Walizunguka kwa wiki chache, wakarudi na mpango wa zaidi ya ekari milioni tatu, kwa gharama ya pauni milioni 25 hivi. Mashamba yangekuwa Kongwa, Urambo na huku kwetu Kusini, ambako Nachingwea ndiyo ilikuwa makao.

Wengi wanajua kilichofuata. Matingatinga, na matrekta yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya vita, yaliletwa kung'oa msitu. Reli ikajengwa kutoka pwani hadi Nachingwea, na bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara. Lakini ardhi na mvua havikuwa vimechunguzwa vya kutosha, mashine ziliharibika, na karanga hazikuonekana. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango ule na kufuta hasara ya takriban pauni milioni 36. Reli nayo ilifungwa mwaka 1962, mataruma yakang'olewa. Baadhi ya ardhi ile ndiyo baadaye ikawa kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO, na kwa sifa hiyo Nachingwea inajulikana zaidi.

Hayo yote nilikuwa nimeyapanga vizuri katika sura zangu. Nilichokuwa sikijui ni jambo lingine la mwaka uleule wa 1946. Mwaka huo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya maziwa ya shule, na kila mwanafunzi wa nchi ile akaanza kupewa bure kila siku theluthi moja ya painti, yaani glasi ndogo. Tangu wakati wa vita, wajawazito na watoto wadogo kule walikuwa wakipatiwa maziwa kwa bei nafuu, maji ya machungwa na mafuta ya samaki.

Kwa nini? Kwa sababu walikwisha jua. Mtu aliyewafundisha alikuwa daktari wa Kiskoti, John Boyd Orr. Miaka ya 1920 alisimamia majaribio ya kuwapa watoto wa shule maziwa, akaona wanakua haraka kuliko wenzao. Na sikiliza hili: yeye huyohuyo, pamoja na Dakta Gilks wa Kenya, walitoa mwaka 1931 ripoti iliyolinganisha Wamasai na Wakikuyu. Waliona wanaume wa Kimasai waliwazidi wenzao kwa karibu sentimita 13, nao wakasema sababu kubwa ni chakula. Waliowakosoa baadaye walisema walirahisisha mno mambo, na nakubali. Lakini hoja yangu ni moja: kufikia 1946, watawala walikuwa wamekwisha andika kwa mkono wao, kutokana na miili ya Waafrika, kwamba kimo kina uhusiano na sahani. Elimu hiyo ikawafikia watoto wao kwa chupa ya maziwa. Kwetu yalikuja matingatinga ya kutafuta mafuta yao.

CHAKULA KILIFUATA MIKONO

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alipenda kusimulia kipindi kile. Babu alikuwa kambini. Alipata mshahara na posho ya unga. "Babu yako alinenepa kweli," bibi alikuwa akisema huku akicheka. "Sisi huku tulichimba ming'oko." Ming'oko, kwa asiyejua, ni mizizi ya porini ambayo watu wa Kusini huichimba hasa wakati wa njaa, kabla mavuno hayajaiva. Shamba lilibaki na mwanamke mmoja mwenye mimba. Mjomba wangu mkubwa alizaliwa mwaka 1949, katikati ya karanga, na alikuwa mtu mfupi mpaka anaingia kaburini. Yeye ndiye tuliyekuwa tukimtolea mfano tukisema "ukoo wetu".

Siwezi kuthibitisha kwamba ufupi wa mjomba ulitokana na Mradi wa Karanga. Mtu mmoja si ushahidi. Lakini nimekuja kuona utaratibu fulani katika historia: chakula hufuata mikono inayofanya kazi, na mtoto husubiri mpaka awe na mikono.

Mfano ulionitisha zaidi unatoka Marekani. Sheria ya mwaka 1807, iliyoanza kazi 1808, ilikataza kuingiza watumwa wapya kutoka nje. Ili kuthibitisha kwamba watumwa waliosafirishwa kwa meli kutoka bandari moja ya Marekani hadi nyingine si wa magendo, nahodha alilazimika kuandika jina, umri na kimo cha kila mmoja. Karatasi hizo zilihifadhiwa. Mwaka 1986 mwanahistoria wa uchumi, Richard Steckel, alichapisha alichokisoma ndani yake. Watoto wa watumwa walikuwa miongoni mwa watoto wafupi kuliko wote waliopata kupimwa popote. Lakini watu wazima waliotokana na watoto walewale walikuwa wamepungua kidogo tu kuliko askari wazungu wa Marekani.

Imekuwaje? Maelezo ya Steckel ni kwamba kwenye umri wa kama miaka kumi mtoto alipelekwa shambani, na mfanyakazi alipewa nyama. Kabla ya hapo alikuwa mdomo usio na faida. Bwana wake hakumlisha ili akue, alimlisha ili alime. Hata hivyo mwili ule mdogo, ulioonewa tangu tumboni mwa mama, ulipopata nyama ulianza kudai ulichonyimwa. Nilipofika hapo niliweka kalamu chini. Huzuni na tumaini vilikuwa katika karatasi moja.

SWALI LA PILI: NIMECHELEWA?

Wataalamu wana habari za mwili kudai deni lake. Mwaka 1963 madaktari watatu, Prader, Tanner na von Harnack, waliandika kuhusu watoto waliosimama kukua kwa ugonjwa au njaa. Kizuizi kilipoondolewa, watoto hao walikua kwa kasi kubwa kuliko rika lao, kana kwamba mwili ulikumbuka njia uliyokuwa ukiifuata.

Kinachowezesha ni hiki. Mifupa mirefu ya miguu huongezeka karibu na ncha zake. Sehemu hizo zikishafunga baada ya kubalehe, kimo kimekwisha. Mtoto aliyekosa lishe mara nyingi huchelewa kubalehe, kwa hiyo ncha hizo huchelewa kufunga. Anapata muda wa nyongeza.

Hapa kwetu Tanzania tuna ushahidi mzuri kutoka Kagera. Kati ya 1991 na 1994 kaya za huko zilihojiwa na watoto wakapimwa. Watafiti wakarudi 2004, wakarudi tena 2010, wakiwafuata hata waliohama mkoa. Watoto wale wa zamani walikuwa watu wazima. Ilionekana kwamba sehemu ya pengo lao ilikuwa imezibwa, hasa kuelekea utu uzima. Sehemu tu, lakini imezibwa kweli, tena bila mradi wowote maalumu wa kuwarefusha.

Mimi mwenyewe niliyashuhudia haya bila kuyajua. Nilipomaliza darasa la saba mama mdogo alinichukua kwenda kuishi naye Lindi mjini. Mumewe anauza samaki. Nyumba ile haikuwa ya kitajiri, lakini hapakupita siku bila dagaa au kichwa cha changu. Kwa miaka miwili suruali za shule zilinikimbia miguuni. Nilirudi likizo, bibi akaniuliza kama nimepanda juu ya kitu. Kaka yangu alibaki kijijini, akaingia kwenye mkaa na vibarua vya korosho. Leo tukisimama pamoja namzidi kiganja kizima, ingawa yeye ndiye mkubwa. Baba mmoja, mama mmoja. Uko wapi ukoo?

Lakini sipendi kumdanganya dada yangu kwa kumletea habari nzuri peke yake. Kuna upande wa pili.

Huko Guatemala, kuanzia 1969 mpaka 1977, vijiji vinne viliingizwa katika jaribio. Viwili vilipewa uji wenye protini, viwili kinywaji kitamu kisicho na protini. Uji ule uliongeza kimo kwa watoto walioupata kabla ya miaka mitatu. Baada ya hapo faida haikuonekana. Wavulana walioupata katika miaka miwili ya kwanza walikuja kuwa wanaume wenye ujira wa saa moja mkubwa kwa takriban asilimia 46 kuliko wenzao. Yaani ule uji haukuingia mifupani tu, uliingia pia katika maisha yote.

Kule Sweden, wasichana waliochukuliwa kutoka India wakiwa wamedumaa walikua haraka sana katika familia mpya. Lakini wengi walivunja ungo mapema, ncha za mifupa zikafunga mapema, wakaishia kuwa wafupi vilevile. Muda wa nyongeza uliondolewa na ile kasi yenyewe.

Kwa hiyo tusichanganye mambo. Kimo kinaweza kufidiwa kwa sehemu. Yale mengine yaliyojengwa katika siku elfu moja za kwanza, tangu mimba hadi miaka miwili, ubongo hasa, hayarudishwi kwa kichwa cha changu. Deni la mwili linalipika, lakini si lote, na kila mwaka unaopita riba inapanda.

NILICHOMJIBU DADA

Nilimwendea Ruangwa mwenyewe. Nikamwambia mbele ya mama mkwe wake, kwa adabu zote: "Mama, shikamoo. Si ukoo. Na dada, umechelewa kiasi, lakini hujachelewa kabisa." Nikaendelea na hotuba yangu. Mtoto ale mara nyingi kwa siku, maana tumbo lake ni dogo. Uji usiwe mtupu: karanga zilizotwangwa, dagaa wa unga, yai. Kunde na mbaazi anazo shambani. Chandarua kila usiku. Maji ya kunywa yachemshwe. Dawa za minyoo asizikose.

Dada alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mayai ninayo, mjomba. Ndiyo ninayouza nikanunua chumvi na sabuni. Na karanga zikivunwa, baba yake anaziita za mnunuzi. Hayo vitabu vyako vimeandika?"

Niliishiwa maneno. Kumbe historia ya babu haikuisha mwaka 1951! Karanga bado zinaondoka, yai bado linaondoka, na anayebaki na uji mtupu ni yuleyule asiye na mikono ya kulima. Tofauti ni kwamba safari hii anayeamua si waziri wa London. Ni sisi, ndani ya nyumba zetu, na wanaopanga bei za mazao na bajeti za halmashauri.

Siku hiyo shemeji alikuwepo, akasikia. Tulikaa chini ya mwembe tukabishana muda mrefu, mama mkwe naye akichangia. Mwisho tukakubaliana mambo madogo mawili: debe moja la karanga halitauzwa, na katika kila mayai matatu, moja ni la mtoto. Mama mkwe ndiye aliyejitolea kutwanga. "Kama si ukoo tutaona," alisema. Namshukuru. Kupinga kwa namna hiyo kuna faida.

Vijana wenzangu mnaotaka kuandika, msidhani historia iko maktaba tu. Nendeni mkatazame mstari wa asubuhi wa shule yoyote ya msingi, mwone nani anasimama mbele. Halafu ulizeni mwaka aliozaliwa walikuwa wanakula nini nyumbani kwao, na nani alikula kwanza. Hasa msisahau wasichana wa miaka kumi na nne na kumi na tano. Bado wana muda wa nyongeza, na baada ya miaka michache wao ndio watakaobeba mimba. Wakila vizuri leo, siku elfu moja za watoto wao zitaanza na mama mwenye damu ya kutosha.

Daftari langu la riwaya bado lipo. Kwenye ukurasa wa ishirini nimeandika tarehe na kimo cha mpwa wangu, sentimita 84. Tutampima tena kila baada ya miezi sita.